Kutoka Mwele hadi Fundi: Ngazi za Ukuaji wa Mganga wa Kubuniwa na Msamiati wake katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ukuaji wa nafsi na wa kiroho wa mhusika mwenye nguvu za uganga unavyosimuliwa katika kazi mbili za kubuni za Afrika Mashariki, yaani tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein na riwaya ya Mũrogi wa Kagogo ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Masimulizi hayo yanasomwa sambamba na msamiati wa Kibemba na wa Kiswahili unaokutana leo Nchelenge, Zambia. Hoja kuu ni kwamba katika mapokeo haya mganga haanzi kwa kipaji bali kwa ugonjwa, na hapimwi kwa wingi wa nguvu zake bali kwa mipaka anayokubali kuwekewa. Makala inaonesha pia athari za hoja hiyo kwa watafsiri, wakalimani na waandaaji wa vitabu vya watoto katika eneo ambalo neno moja likikosewa linaweza kumweka mtu hatarini.

1.0 Utangulizi

Nchelenge imekaa ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa kusini-mashariki, pamoja na mji pacha wake wa Kashikishi. Ng'ambo ya pili ni Kongo: Pweto, Kilwa na vijiji vya wavuvi ambamo Kiswahili ni lugha ya soko na ya kanisa. Upande wa Zambia lugha ya shule, ya redio na ya baraza ni Kibemba, mojawapo ya lugha saba za kimaeneo zinazotambuliwa rasmi nchini humo. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo. Hata hivyo hakikufika Mweru jana. Tippu Tip, katika tawasifu yake aliyoisimulia kwa Kiswahili, anaeleza vita vyake na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Vita hivyo vilipiganwa mwaka 1867, mwaka uleule ambao Livingstone alilifikia ziwa.

Sura mpya ya Kiswahili wilayani Nchelenge ilifunguliwa na wakimbizi. Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya watu waliyakimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa ili kuwapokea. Walikuja na Kiswahili cha Kongo, chenye mufumu na mulozi wake, wakakutana na Kibemba chenye ng'anga na indoshi. Mwaka uliofuata, 2019, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nne ya SADC, jumuiya ambayo Zambia na Kongo zote ni wanachama. Kwa hiyo afisa, mwalimu au mkalimani anayefanya kazi Nchelenge leo ana kila sababu ya kutaka kujua ni neno gani la Kiswahili linalobeba maana gani linapovuka ziwa.

Uwanja uliochaguliwa hapa ni uganga katika hadithi. Huenda ukaonekana uwanja mwepesi kwa washauri wa sera. Lakini hadithi ndiyo mahali ambapo mtoto hujifunza kwa mara ya kwanza tofauti kati ya anayeponya na anayedhuru, na ndiyo mahali ambapo jamii hueleza, bila kumtaja jirani yeyote, jinsi mtu anavyofikia kuaminiwa na nguvu.

2.0 Mizizi miwili

Lugha za Kibantu zimerithi mizizi miwili ya kale katika uwanja huu. Mmoja ni ule wa mganga, unaosikika katika ng'anga ya Kibemba, nganga ya Kikongo na mganga wa Kiswahili. Wa pili ni ule wa kuloga: Kiswahili kina kuloga na mlozi, Kibemba kina ukulowa na indoshi, Kigĩkũyũ kina mũrogi. Mmoja hutibu na mwingine hudhuru. Kiswahili cha pwani kiliongeza neno la tatu, mchawi, ambalo katika matumizi ya leo limemeza nafasi kubwa ya mlozi.

Tatizo huanza pale maneno ya Kiingereza ya wageni yanapoingia kati. Mhusika wa hadithi za Ulaya anayesoma vitabu, anayevaa joho na kushika fimbo, hutafsiriwa kwa wepesi kuwa mchawi. Msomaji mtoto wa Kiswahili hukutana basi na mchawi mwema, shujaa wa hadithi, ilhali nyumbani neno hilohilo ni tuhuma inayoweza kumfanya bibi wa jirani afukuzwe kijijini. Si kila msomaji huathirika, na watoto ni mahodari wa kutenganisha dunia za hadithi; lakini mtafsiri aliyechagua neno hilo hajafanya kazi yake. Lugha ilikuwa na mganga, fundi, mfumu. Hakuangalia.

3.0 Ugonjwa kama mlango

Katika hadithi nyingi za kubuni za Magharibi, mwenye nguvu huzaliwa nazo. Ged, katika riwaya ya Ursula K. Le Guin iliyotoka mwaka 1968, ni mtoto mchunga mbuzi ambaye nguvu zake hujitokeza mapema, kisha hupelekwa kwa mwalimu, kisha shuleni. Kosa lake ni kiburi cha kipaji: anaita kivuli asichoweza kukitawala, na riwaya nzima inakuwa safari ya kukitambua kivuli hicho kuwa ni yeye mwenyewe. Le Guin aliandika kwa hekima kubwa, na mwisho wa safari ya Ged uko karibu na mambo yatakayojadiliwa hapa chini. Mwanzo wake ndio ulio mbali.

Mwambao wa Mweru unaanza kwingine. Katika Kibemba, mtu anayejiwa na ngulu, yaani roho za mahali, za maporomoko, vilima na vilindi vya maji, husemwa kuwa amewilwa. Kitenzi hicho kimetokana na ukuwa, kuanguka, ambacho ni ndugu wa kugwa cha baadhi ya lahaja za pwani. Kimenyambuliwa katika kauli ya kutendea kisha ya kutendwa. Aliyewilwa ni mtu aliyeangukiwa. Kiswahili kwa upande wake husema pepo amempanda mtu kichwani, au mtu amepandwa. Mwelekeo ni kinyume, kutoka juu kwenda chini katika lugha moja na kutoka chini kwenda juu katika nyingine, lakini sarufi inakubaliana katika jambo moja: mtu si mtenda. Ametendwa. Hakuna kitenzi cha kawaida katika lugha hizi mbili kinachosema kwamba mtu aliamua kuwa na roho.

Hatua ya kwanza kwa hiyo ni udhaifu, na pwani ina jina lake. Katika ngoma za pepo, anayeletwa kutibiwa huitwa mwele, mgonjwa. Hajui kinachomsumbua. Ndugu zake wamehangaika kwa dawa za kawaida na hazikufaa. Kazi ya ngoma ni kumfanya aliye ndani yake aseme jina lake, atoke mahali pa maumivu yasiyo na jina aingie mahali pa uhusiano wenye masharti. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alizieleza ngoma hizi kwa utulivu wa mtu aliyeziona, bila kuzisifu wala kuzikejeli. Utulivu huo ni adimu hata leo.

Mwanaanthropolojia Victor Turner, aliyefanya utafiti kwa Wandembu wa Mwinilunga, kaskazini-magharibi mwa Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuta mpangilio unaofanana na huo: katika ibada zao za mateso, aliyetibiwa akapona ndiye anayestahili kushiriki kuwatibu wengine wenye mateso yaleyale. Nadharia yake maarufu kuhusu hali ya kuwa katikati, ambayo aliijenga juu ya hatua tatu za van Gennep (1909), imetumiwa duniani kote kuchambua kila kitu kuanzia hija hadi sherehe za vyuo. Mara nyingi husahaulika kwamba ilikuzwa katika vijiji vya Zambia, na kwamba kiini chake hakikuwa mpito tu bali mgonjwa anayegeuka kuwa mtaalamu.

4.0 Mteja, fundi, na chama

Mwele akishatibiwa na kuingizwa katika kundi la waliotibiwa, pwani humwita mteja. Neno hili limepata bahati ya ajabu. Leo ni neno la dukani na la benki, na kila mwenye simu ameambiwa walau mara moja kwamba mteja anayempigia hapatikani. Maana ya zamani ilikuwa nzito zaidi: mtu aliyefungamana na mganga wake, aliye chini ya ulinzi wake na mwenye wajibu kwake. Juu ya mteja yuko fundi, anayeongoza ngoma. Fundi wa pepo na fundi wa kushona wanashiriki neno moja kwa sababu yaleyale: wote walikaa chini ya mtu.

Kuhusu kipindi hiki cha kukaa chini ya mtu hakuna mengi ya kusema. Ni kuchota maji, kuchimba mizizi, kubeba mkoba na kunyamaza. Hadithi hukipita haraka, na makala hii inafanya vivyo hivyo.

Linalohitaji kutajwa ni kwamba katika ukanda wa Mweru na Bangweulu ukuaji huu haukuwa wa mtu mmoja mmoja tu. Kulikuwa na Butwa, chama cha siri kilichowapokea wanaume kwa wanawake, chenye jando lake na lugha yake, kilichoenea pande zote mbili za Luapula. Mwanahistoria wa Zambia Mwelwa Musambachime (1994) amefuatilia historia yake hadi 1920. Wamisionari na tawala za kikoloni walikipiga vita. Chama kilipovunjwa, kilichopotea hakikuwa imani peke yake bali pia utaratibu wa kusema nani amefika ngazi ipi. Palipokuwa na ngazi pakabaki watu, na kila mmoja angeweza kujitangaza.

Ombwe la namna hiyo huvutia wageni. Katika miaka ya 1930 Bamucapi, wasaka wachawi waliotoka Nyasaland, walipita Northern Rhodesia kijiji kwa kijiji. Audrey Richards aliandika juu yao mwaka 1935, kutokana na utafiti wake kwa Wabemba. Wanakijiji walipangwa mstari wakapita mmoja mmoja nyuma ya mgongo wa msaka wachawi, naye akawatazama katika kioo kidogo alichokishika mbele yake. Kioo kilisemekana kumwonesha mchawi. Wasaka hao walikuwa vijana, wengi wao wakivaa kizungu, na hawakuwa wamepita ngazi yoyote iliyojulikana na wenyeji. Kioo hicho kitarejewa.

5.0 Kinjeketile na neno lisilorudi

Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969. Kinjikitile Ngwale wa historia, wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905 mwanzoni kabisa mwa vita vya Maji Maji. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mtu wa tamthilia si mtu wa historia. Tahadhari hiyo ni ya manufaa, kwa sababu inaturuhusu kumsoma Kinjeketile kama mhusika wa kubuni anayekua.

Hatua yake ya kwanza ni ileile ya mwambao: anatwaliwa. Mto wa Rufiji unamchukua, watu wanamdhania amekufa, kisha anatoka majini mkavu. Roho ya Hongo imemshika. Asomaye akiwa Nchelenge hahitaji maelezo ya ziada hapa, kwani roho inayokaa kilindini na kumtwaa mtu ni jambo ambalo Kibemba kina neno lake. Ila Kinjeketile anaikosa hatua ya pili. Hakuna fundi juu yake, hakuna kundi la waliotibiwa kabla yake wa kumwambia lipi katika maneno aliyoyasema ni la roho na lipi ni la homa. Anatoka majini moja kwa moja na kuwa kiongozi.

Hapo ndipo tamthilia inapata uchungu wake. Katika unabii wake kumetoka ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, na akili yake timamu inaushtukia: ni roho gani inayotaka kuwatoa watu kwa bwana mmoja iwapeleke kwa mwingine? Anaanza kushuku. Anataka vita visubiri. Lakini maji yameshagawiwa, makabila yameungana, na neno limekuwa la watu. Ukuaji wa kiroho wa Kinjeketile ni ukuaji wa shaka, nao unafika akiwa amechelewa.

Wahakiki wamebishana sana kuhusu tendo lake la mwisho, anapokataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo ingawa wafungwa wenzake wanamsihi. Wengine wameliona kuwa ushujaa wa kisiasa, wengine ukatili wa mtu asiyekiri kosa. Kwa mtazamo wa ngazi zinazojadiliwa hapa, tendo hilo linasomeka vingine pia. Kinjeketile hatimaye amefika mahali pa fundi: hajisemei tena. Anapima neno kwa uzito litakaoubeba kwa wengine, si kwa nafuu litakayompa yeye. Kwamba kipimo hicho kilikuwa sahihi ni suala jingine, na Hussein hakulijibu.

6.0 Kamĩtĩ na kioo kilichogeuzwa

Ngũgĩ alikwenda njia ya kejeli. Mũrogi wa Kagogo ilianza kuchapishwa kwa Kigĩkũyũ mwaka 2004 na kutoka kwa Kiingereza mwaka 2006. Kamĩtĩ, msomi asiye na kazi, anakimbizwa na polisi pamoja na Nyawĩra; wanajificha nyumbani kwake, na Kamĩtĩ anatundika hirizi na tangazo kwamba nyumba hiyo ni ya Mũrogi. Ni uongo wa kuokoa roho. Kesho yake askari yuleyule anarudi, si kuwakamata, bali kuomba dawa.

Jina lenyewe ni la makusudi. Kigĩkũyũ kina mũndũ mũgo kwa mganga, Ngũgĩ hakulichagua. Alichagua mzizi wa kuloga, wa mtu mbaya, akampa mhusika atakayekua kuwa mponyaji. Riwaya basi ni safari ya mtu kuelekea kinyume cha jina lake. Na tofauti na Kinjeketile, Kamĩtĩ anaanza bila roho yoyote, ila njaa. Anachokipata anakipata kwa kusikiliza.

Tiba yake kwa tajiri Tajirika ndiyo kitovu cha hoja hii. Tajirika amekwama katika neno moja la masharti, hawezi kulipita. Kamĩtĩ anamweka mbele ya kioo na kumfanya alitoe neno lililokwama, na linapotoka ni tamaa ya kuwa mzungu. Bamucapi walishika kioo wakiwa wamewapa watu mgongo, ili wamwone mwovu miongoni mwao. Kamĩtĩ anamgeuzia mgonjwa kioo kilekile. Hakuna anayetajwa, hakuna jirani anayeshtakiwa. Anayeonekana kiooni ni mwenye kuangalia. Kama kuna alama moja ya kutenganisha mganga na msaka wachawi katika fasihi ya ukanda huu, ni upande kioo kinakoelekea.

Kuna hatari katikati ya safari. Kamĩtĩ anavutwa na msitu, na mitishamba, na upweke wa mtu aliyejitakasa. Nyawĩra, mwanaharakati, anamrudisha kwa watu, na baadaye yeye mwenyewe anaushika uganga huo Kamĩtĩ asipokuwepo. Kwa namna hiyo nguvu inaacha kuwa mali ya mtu mmoja. Ni jambo ambalo Kinjeketile hakulipata, na ambalo Butwa, chama cha wanaume na wanawake, ingelitambua.

7.0 Athari kwa tafsiri, sheria na vitabu

Sheria ya Uchawi ya Zambia, Sura ya 90, ni ya mwaka 1914. Inamwadhibu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi na pia anayejidai kuwa na nguvu za kichawi. Lugha yake ni ya utawala wa wakati huo: inakusanya pamoja kupiga mifupa, kutumia hirizi na mengine ya namna hiyo. Kisheria, kwa hiyo, mtoa tuhuma na mpiga ramli hukaa chini ya kichwa kimoja.

Mkalimani wa Mantapala hukaa kati ya sheria hiyo na lugha tatu. Mkimbizi akieleza kwa Kiswahili cha Kongo kwamba alipelekwa kwa mufumu, ametaja matibabu. Akisema aliitwa mulozi, ametaja tuhuma, na pengine sababu ya kukimbia. Mkalimani akitumia mchawi kwa yote mawili, mhanga wa tuhuma na mgonjwa aliyetafuta dawa wanafanana katika faili. Pendekezo hapa ni dogo na halina gharama: faharasa ya wakalimani Nchelenge itenganishe safu ya kuganga na safu ya kuloga katika lugha zote tatu, na neno mchawi litumike pale tu ambapo msemaji mwenyewe amelitumia.

Uangalifu huo unahitajika pia katika msamiati wa dini. Biblia ya Kibemba ilimchukua umupashi, roho ya wahenga, ikamfanya jina la Roho Mtakatifu. Watafsiri wa Kiswahili walichagua roho, neno la Kiarabu, wakawaachia pepo uchafu wote. Mbemba na Mkongomani wakiomba katika kanisa moja hawaanzi mahali pamoja. Anayetunga ujumbe wa afya ya akili kwa Kiswahili na kuandika kwamba mgonjwa hana pepo atakuwa, kwa baadhi ya wasikilizaji, amekanusha ibilisi. Kwa wengine atakuwa amekanusha ugonjwa wenyewe, kwa sababu kuwilwa ni kuugua kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Sentensi inayosema kwamba mtu anaumwa na anahitaji wa kukaa naye inaeleweka pande zote mbili za ziwa.

Kwa vitabu vya watoto, mfumo wa Zambia unafundisha kusoma kwa lugha ya kimaeneo katika madarasa ya awali, na Luapula lugha hiyo ni Kibemba. Mtoto wa Mantapala anajifunza kusoma katika lugha asiyolelewa nayo. Hadithi ambazo lugha zote mbili zinazo, kama ile ya kikongwe mwenye vidonda anayeomba aoshwe, ambapo binti mwenye subira hupewa zawadi na mwenye dharau hupata msiba, zinaweza kuchapishwa kurasa mkabala, Kibemba kushoto na Kiswahili kulia. Katika ukurasa wa Kiswahili, kikongwe huyo asiitwe mchawi. Anajua dawa, anapima moyo wa anayemjia, na vidonda vyake ni vyake mwenyewe: ni mganga ambaye bado ni mwele.